Wahafidhina wa Washington na Pamba ya Kolandoto

Ndugu msikilizaji, ukitoka Shinyanga mjini kwa barabara ya Mwanza, kabla hujafika Maganzo na mgodi wa almasi wa Mwadui, unafika Kolandoto. Hapo njia inagawanyika. Moja inaendelea Mwanza, nyingine inakata kwenda Lalago na Mwanhuzi, nchi ya pamba. Hapo hapo ipo hospitali ya Kanisa la AIC, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission, misheni iliyozaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1895. Leo nataka kuzungumzia siasa za Marekani, na kama yupo anayeuliza zinatuhusu nini, namwelekeza Kolandoto. Pamba na hospitali, vyote viwili vimeguswa na maamuzi ya watu wa Washington ambao sisi hatukuwapigia kura.

Niseme mapema nasimama wapi. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba serikali ina wajibu kwa mtu asiye na kitu: dawa, shule, na bei isiyomnyonga mkulima. Marekani watu wa fikra hizi huitwa waliberali. Jina lenyewe linachanganya, maana kwetu wasomi wakisema "uliberali mamboleo" wanakusudia sera zile zile ninazozilalamikia. Wapinzani wetu kule huitwa wahafidhina, na nimewafuatilia kwa miaka mingi, nusu kwa hasira na nusu kwa mshangao.

Bwana Ronald Reagan alipoapishwa Januari 1981 aliwaambia wananchi wake kuwa katika hali ile serikali haikuwa dawa ya matatizo, bali yenyewe ndiyo tatizo. Maneno matamu hayo kwa mwenye mali. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato, kilichokuwa asilimia 70, kilishuka hadi 50, na kufikia 1988 kilikuwa 28. Mwaka huo huo wa 1981 Robert McNamara, aliyekuwa na masikio ya kumsikiliza Mwalimu, aliondoka Benki ya Dunia, na nafasi yake ikachukuliwa na Clausen, mtu wa Bank of America. Mwaka huo huo pia Benki ilitoa ripoti iliyoongozwa na profesa wa Kimarekani, Elliot Berg, kuhusu Afrika kusini mwa Sahara. Ujumbe wake ulikuwa kwamba Waafrika wameharibu uchumi wao kwa serikali kubwa kupita kiasi. Washushe thamani ya fedha zao, wapunguze mashirika ya umma, waliache soko lifanye kazi.

Kwa haki, Berg hakusema uongo wote. Sisi wenyewe tulikuwa tumevunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, vyama ambavyo wakulima wa Usukumani walivijenga kwa jasho lao tangu enzi za mkoloni, wakiongozwa na kina Paul Bomani. Badala yake tuliweka mamlaka ya serikali, na mkulima akawa anapeleka pamba na kurudi nyumbani na karatasi. Anayetetea serikali kama mimi hana budi kulimeza hilo, hata kama ni chungu.

Mwalimu alikataa masharti. Katika hotuba yake kwa mabalozi mwanzoni mwa mwaka 1980 aliuliza tangu lini Shirika la Fedha la Kimataifa limekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Swali hilo halijajibiwa hadi leo, lakini njaa ya fedha za kigeni haingoji majibu. Maduka yalikuwa matupu, na sabuni ilikuwa ikitafutwa kama mtu anayetafuta almasi. Mwalimu aling'atuka mwaka 1985, Mzee Mwinyi akaingia, na mwaka 1986 tukasalimu amri. Shilingi ilishushwa kutoka 17 kwa dola hadi 40, na mwezi Agosti mkataba na Shirika hilo ukapitishwa. Katika chombo hicho Marekani peke yake ina kura za kutosha kuzuia uamuzi wowote mkubwa.

Sasa, ndugu msikilizaji, ushike mwezi huo, Agosti 1986. Mwezi ule ule tunaambiwa kwamba ruzuku ni dhambi, huko Marekani ulikuwa unaanza mpango mpya wa kuwalinda wakulima wa pamba, chini ya sheria ya kilimo ambayo Bwana Reagan aliitia saini Desemba 1985. Mpango wenyewe ulikwenda hivi. Mkulima anakopa serikalini kwa dhamana ya pamba yake. Bei ya dunia ikianguka chini ya kiwango cha mkopo, analipa deni kwa bei hiyo ndogo, na tofauti inabaki mfukoni mwake. Kwa hiyo bei ishuke isishuke, yeye analima. Wanunuzi wa dunia walijua shehena inakuja, wakakaa kusubiri, na bei ikaporomoka kabla hata Agosti haijafika. Mwaka ule wa fedha, gharama za kukinga bei za mazao ya wakulima wa Marekani zilifika karibu dola bilioni 26, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa kabla yake. Haya yalitendeka chini ya rais aliyesema serikali ni tatizo.

Nimewahi kubishana na wahafidhina kadhaa juu ya jambo hili, Waafrika na Wazungu. Jibu lao huwa ni kwamba siasa ni siasa, wabunge wa majimbo ya kilimo wana nguvu. Sawa. Lakini mbunge wa Maswa naye alikuwa na wakulima wake, na hakuna aliyemwambia kwamba siasa ni siasa.

Msimu wa 1994/95 soko letu la pamba lilifunguliwa. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na fedha taslimu, na nisingependa kuficha kwamba mkulima aliyezoea kukopwa alishangilia. Ila mfumo wa kumkopesha mbegu na dawa za wadudu uliporomoka, kwa sababu aliyekopesha hakuwa na uhakika pamba itauzwa kwake, na pamba chafu ikachanganywa na safi hadi sifa yetu nje ikapungua. Kisha mwishoni mwa 2001 bei ya dunia ikashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa karibu miaka 30. Mei 2002 Bwana George W. Bush, mhafidhina mwingine, alitia saini sheria mpya ya kilimo iliyowaongezea wakulima wake kinga.

Brazil ilikwenda kushtaki katika Shirika la Biashara Duniani ikashinda. Rufani ilimalizika Machi 2005. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka kilio chao mwaka 2003, na mkutano wa Cancun ukavunjika bila jibu. Marekani ilimalizana na Brazil mwaka 2014 kwa kuilipa dola milioni 300, baada ya malipo mengine ya kila mwaka yaliyoanza 2010. Hizo zilikwenda hasa kusaidia kilimo cha pamba cha Brazil. Mkulima wa Afrika, aliyeuza kwa bei ile ile iliyoharibiwa, hakuwa upande wowote wa makubaliano hayo.

Kwenye hospitali habari ni ngumu zaidi. Makanisa ya aina ile iliyoleta hospitali Kolandoto ndiyo leo ngome ya wahafidhina nchini Marekani, na ukarimu wao hauna shaka. Wao husema: tuachieni sisi waumini kazi ya huruma, serikali ikae kando. Lakini zahanati zilizosambaa vijijini Usukumani miaka ya 1970 hazikuletwa na sadaka peke yake. Na mwaka 1993, serikali ilipoanza kukaa kando kwa kutuletea uchangiaji katika hospitali zake, mgonjwa asiye na fedha alibaki na mbuzi wake wa kuuza, kama anaye. Oktoba 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwataka wawakilishi wake wapinge mikopo ya Benki ya Dunia inayodai ada kwa shule za msingi na matibabu ya msingi. Sisi ada ya shule za msingi tuliifuta mwaka uliofuata.

Tena huyo huyo Bush wa ruzuku za pamba ndiye aliyeanzisha mwaka 2003 mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Watu wengi wako hai kwa sababu yake. Nalisema wazi, maana ndilo linalonikera kuliko yote: mhafidhina alipokubali kuitumia serikali, serikali ilifanya kazi.

Tarehe 20 Januari 2025 Bwana Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 1 Julai USAID haikuwa tena shirika linalojitegemea. Siku 3 baadaye, tarehe 4 Julai, alitia saini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake mpango wa matibabu kwa maskini wa Marekani ulikatwa, na bei ya kumkinga mkulima wa pamba mbichi ikapandishwa kutoka senti 36.7 hadi senti 42 kwa ratili.

Juma lijalo, nikijaliwa, tutasogea mbele kidogo kwa barabara hiyo hiyo hadi Mwadui, tuone almasi nazo zilikwenda wapi.