Nani Amlipe Mwalimu wa Chekechea?

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limeorodhesha majukumu ya serikali za kaunti: machinjio, leseni za vileo, masoko, feri, hata leseni za mbwa. Nambari ya 9 katika orodha hiyo inajumuisha elimu ya kabla ya shule ya msingi na vituo vya kulea watoto. Ni maneno machache, lakini yalihamisha mzigo ambao kwa karibu nusu karne ulikuwa umebebwa na wazazi, na wengi wa wazazi hao walikuwa kina mama wa vijijini. Madarasa waliyajenga, uji wakapika, watoto wakaja. Jambo moja tu halikupata jibu la kudumu: mshahara wa mwalimu.

Chanzo chake ni kazi, si elimu

Shule za nasari za kwanza nchini Kenya, katika miaka ya 1940, zilikuwa za watoto wa Wazungu na Wahindi mijini. Watoto wa Kiafrika walianza kukusanywa katika vituo miaka ya 1950, na sababu haikuwa kuwafunza kusoma. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari mwaka 1952 kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na kuanzia 1954 ikawahamisha watu wa Mkoa wa Kati kwa nguvu hadi katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Wanawake walitolewa kila siku kwenda kuchimba mitaro na matuta. Watoto wadogo walibaki pamoja mahali pamoja, wakiangaliwa na wazee au wasichana, wakipewa uji.

Katika mashamba makubwa ya chai na kahawa mambo yalikuwa karibu yayo hayo. Mchumaji chai mwenye mtoto mgongoni huchuma pole pole, kwa hiyo mwenye shamba alikuwa na faida ya kutenga banda na mtu wa kuwatazama watoto. Aliyewekwa pale hakuhesabiwa kuwa mwalimu. Alikuwa yaya wa kijiji au wa kambi, na ujira wake ulikuwa wa yaya, kama ulikuwepo. Mtazamo huo ulidumu muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe.

Harambee ya kina mama

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwaita wananchi wajenge nchi kwa harambee. Shule za sekondari za harambee zinakumbukwa sana, lakini nasari nazo zilichipuka kila pembe ya nchi. Vikundi vya wanawake vilichanga fedha, vikakata miti, vikakandika udongo, vikaezeka. Pasipokuwa na jengo, watoto walikaa kanisani siku za wiki, katika ukumbi wa jamii au chini ya mti. Kamati ya wazazi ilimchagua msichana aliyemaliza darasa la saba, ikakubaliana naye malipo, na kila mzazi akatoa ada yake kidogo kila mwezi.

Ada hiyo ndiyo iliyokuwa mfumo mzima. Mvua ikikosa, ada haikutoka. Mavuno yakiwa mabaya, mwalimu alilipwa kwa mahindi au hakulipwa kabisa, akaondoka, na darasa likafungwa hadi apatikane mwingine. Wizara iliyosimamia nasari wakati huo ilikuwa ile ya huduma za jamii, si ya elimu, kwa hiyo mwalimu huyo hakuwa katika orodha ya mtu yeyote aliyelipa walimu.

Serikali yaingia, mshahara wabaki nje

Mabadiliko yalianza miaka ya 1970. Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilianzisha mradi wa elimu ya chekechea kwa kushirikiana na Baraza la Jiji la Nairobi. Mradi huo ulitafuta njia ya kuwafunza walimu waliokuwa tayari kazini bila kuwatoa madarasani mwao. Mwaka 1976 kamati iliyoongozwa na Gachathi ilipendekeza elimu ya chekechea iwe chini ya Wizara ya Elimu, na mwaka 1980, enzi ya Rais Daniel arap Moi, ikahamishiwa huko.

Matunda yake yalionekana haraka. Mwaka 1984 kiliundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya vilivyojulikana kama DICECE. Mwalimu alisoma kwa miaka miwili wakati wa likizo za shule, muhula ukianza akarudi kwa watoto wake kujaribu aliyoyasoma. Wakufunzi wa wilaya walikusanya hadithi, nyimbo na vitendawili vya maeneo yao ili mtoto aanze kwa lugha ya nyumbani. Vifaa havikununuliwa dukani. Vifuniko vya soda vilitumika kuhesabia, na magunia yakawa mabango ya herufi.

Kwa hiyo mwalimu akawa na mtaala, mkaguzi na cheti. Aliyemwajiri akabaki kuwa yule yule, kamati ya wazazi.

Jibu la Mombasa

Pwani palikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Wazazi Waislamu waliona watoto wao wakihitimu madrasa wakijua Kurani lakini wakiachwa nyuma walipoingia darasa la kwanza, huku nasari za wengine zikiwa mbali na dini na mila zao. Mwaka 1982 viongozi wao walimweleza Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, jambo hilo alipozuru Kenya. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1986 chini ya mwalimu wa huko, Bi Swafiya Said, ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Bi Swafiya na wenzake hawakuanza na jengo. Walianza na barza za wazee, maimamu na kina mama, hadi mtaa wenyewe ukubali kuunda kamati na kumtoa binti wa pale pale awe mwalimu. Darasani, mbinu za HighScope kutoka Michigan, Marekani, ziliunganishwa na mafunzo ya Kiislamu. Chumba kiligawanywa pembe: pembe ya nyumbani yenye vifuu na vikapu vya ukili, pembe ya kujengea, pembe ya vitabu. Mtoto alichagua pa kucheza, kisha akaeleza alichofanya.

Mpango huo wa madrasa ulilikabili pia swali la fedha. Shule ilisaidiwa kwa muda uliowekwa, ikahitimu, kisha ikajiendesha. Baadaye shule zilizohitimu ziliwekewa mfuko mdogo wa wakfu: mtaji haukuguswa, faida yake ikaongezea kile wazazi walicholipa. Haukuwa mshahara mnono, lakini mwalimu hakutegemea tena msimu wa samaki au nazi peke yake.

Elimu ya bure iliyowaumiza wadogo

Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi. Chekechea haikuguswa, na hapo mambo yakageuka kinyume. Mzazi maskini aliyeona darasa la kwanza ni bure na nasari ni ya kulipia alimweka mtoto nyumbani hadi afike umri wa darasa la kwanza, au alimpeleka huko mapema. Ada zilipopungua, mwalimu wa nasari ndiye aliyekosa. Sera ya kitaifa ya mwaka 2006 iliweka viwango vya majengo, usafi, lishe na mafunzo, lakini kiwango kwenye karatasi hakilipi mtu.

Ndipo ikaja Katiba. Kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013 zilijenga madarasa kwa kasi na kuajiri walimu kwa maelfu. Mtaala mpya ukaipa miaka miwili ya chekechea majina ya PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka minne na mitano, ikawa sehemu halali ya elimu ya msingi. Hata hivyo walimu wengi waliajiriwa kwa kandarasi na malipo duni, na migomo ikafuata katika kaunti nyingi. Tume ya Huduma za Walimu huwasajili lakini haiwalipi. Kaunti huwalipa, lakini kila moja kwa kipimo chake.

Na wale walio chini ya miaka minne wako nyuma zaidi. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, mama anayekwenda kufua au kuuza mboga humwacha mtoto katika chumba cha jirani kwa malipo ya siku. Katiba inavitaja vituo vya kulea watoto katika nambari ile ile ya 9, lakini kaunti nyingi zimeisoma nusu ya kwanza tu.

Sera zimeandikwa za kutosha. Gavana anayekata utepe wa darasa jipya la chekechea aulizwe siku hiyo hiyo, mbele ya wazazi, mwalimu wa darasa hilo ameajiriwa kwa masharti gani na analipwa tarehe ngapi. Wazazi waliojenga nasari za kwanza kwa mikono yao wana haki ya kupewa jibu.