Abunuwasi: Ni hekaya, ngano au historia?

KITABU cha Hekaya za Abunuwasi na Hadithi Nyingine, kilichotolewa na Macmillan katika miaka ya 1930, kimesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi nchini, kuanzia pwani hadi Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Hata hivyo, utanzu wake bado huwachanganya wengi. Wapo wanaokiita kitabu cha ngano, na wapo wanaodhani ni historia kwa kuwa Abunuwasi aliishi kweli.

Ni kweli aliishi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad, mashuhuri kwa mashairi ya mvinyo, aliyefariki takriban mwaka 814. Lakini mjanja wa kitabuni ni mtu mwingine kabisa. Visa vyake husimuliwa pia Uturuki kwa jina la Nasreddin, na Uarabuni kwa jina la Juha.

Hekaya ni kisa kifupi ambamo mhusika hutumia akili kumshinda aliye na mali au cheo. Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha na nyingine ndogo, akidai imezaa. Jirani anapokea kwa furaha. Akiiazima tena, anadai imekufa. Aliyekubali uzazi hawezi kukataa kifo. Hapana jini wala mnyama anenaye. Ni hoja tu. (Huko Ikombe, wanakofinyanga vyungu wanawake wa Kikisi, pengine kisa hicho kingechekesha zaidi.) Hadithi ambamo wanyama hunena huitwa khurafa, hata zikiwa ndani ya jalada moja na Abunuwasi.

Ugumu huanza pale masimulizi ya wenyeji yanapoingizwa katika vitabu vya watoto. Wanyakyusa husimulia kuwa watawala wao walishuka kutoka Ukinga, katika Milima ya Livingstone, wakiwaletea moto na ng'ombe watu waliokuwa wakila vyakula vibichi. Ujio wa watawala ni kisakale; asili ya moto ni kisasili. Monica Wilson, aliyechapisha utafiti wake juu ya matambiko ya Wanyakyusa mwaka 1959, anaeleza pia habari za Kyala, shujaa aliyetambikiwa karibu na Ikombe, ambaye jina lake wamisionari walilichukua kuwa jina la Mungu.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, aliweka ngano upande wa hadithi za kubuni, na visakale upande wa salua, yaani masimulizi ya mambo yanayohesabiwa kuwa ya kweli. Kwa kipimo hicho, kuibandika habari ya Kyala jina la ngano ni kumwambia mtoto wa Kyela kwamba babu zake walikuwa wakitania. Sufuria ya Abunuwasi haikuwahi kutambikiwa na mtu. Ikombe watu walipanda na sadaka zao.