Asili ya Baridi Garini

Ilikuwa mwaka 1939 ambapo kampuni ya Packard ya Detroit, nchini Marekani, ilidhihirisha gari lenye mtambo wa kupoza hewa, mtambo ghali, uliokula karibu nusu ya buti, na ambao dereva akitaka kuuzima hakuwa na budi kusimamisha injini, kufungua boneti na kuuvua mkanda wa kompresa kwa mikono yake. Si ajabu kwamba baada ya 1941 uliachwa.

Hata hivyo kanuni yake ndiyo ile ile ya leo: kompresa huishindilia gesi, kondensa huipoza ikawa kimiminika, nacho kikipenyezwa katika tundu jembamba hurudi kuwa mvuke, kikiinyonya hari ya chumba cha abiria. Mwaka 1954 kampuni ya Nash iliukusanya mtambo wote mbele ya gari. Gesi ya kale, R-12, ilidhuru tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaihukumu.

Nawe, msomaji, washa baridi hata wakati wa kipupwe, mafuta ya kompresa yazunguke na mipira ya kuzibia isikauke. Na gesi ikipungua, mwambie fundi atafute kwanza panapovuja kabla ya kuijaza.