Matarajio ya Kuishi Tangu Kuzaliwa

Taarifa za sensa hutaja "wastani wa umri wa kuishi", na wengi huelewa kwamba mtu akifika umri huo siku zake zimekwisha. Sivyo. Wanatakwimu huchukua viwango vya vifo vya kila rika katika mwaka fulani, kisha hukokotoa watoto wanaozaliwa wangeishi miaka mingapi endapo viwango hivyo visingebadilika. Tuseme watoto ni 10: wanne wanafariki wakiwa na mwaka mmoja, sita wanafika miaka 60. Wastani ni miaka 36.4, ingawa hakuna hata mmoja aliyezikwa akiwa na umri huo. Vifo vya watoto ndivyo vinavyoushusha. Uingereza ya mwaka 1841, mtoto mchanga alitarajiwa kuishi miaka 40 hivi. Kijana aliyekwisha timiza 20 naye alitarajiwa kuishi miaka mingine 40 hivi.

Kipimo hiki hufichua yale ambayo fedha huficha. Kwa takwimu za mwaka huohuo, William Farr, mtakwimu wa ofisi ya usajili jijini London, alilinganisha maeneo matatu. Surrey, penye mashamba, ilipata miaka 45, London 37, Liverpool 26 tu. Na Liverpool ilikuwa bandari tajiri! Pamba ya viwanda vya Lancashire ilishushwa hapo, na watu walimiminika kutafuta kazi. Maelfu yao walilala katika vyumba vya chini ya ardhi, vyenye unyevu na visivyopitisha hewa, karibu na vyoo vilivyofurika, na watoto wao wakafa kwa kuhara na homa. Biashara ilikua, watu wakaongezeka, uhai ukafupika. Mwaka 1847 mji ukamwajiri Dk. William Henry Duncan kusimamia afya ya umma, wa kwanza nchini katika wadhifa huo, na mhandisi James Newlands, aliyesuka mtandao wa mifereji ya majitaka.

Kwangu mimi, "matarajio ya kuishi" ni istilahi bora kuliko "umri wa kuishi", ambayo husikika kama kikomo. Tena matarajio huweza kutajwa kwa rika lolote: tangu kuzaliwa, tangu miaka 20, tangu 60. Waandishi wenzangu, msiyakate maneno "tangu kuzaliwa" ili kuokoa nafasi. Bila hayo msomaji hajui tarakimu inamhusu nani.