Mgeni na Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii kila mtoto wa pwani huijua, na mara nyingi huitamka kwa mzaha, pindi mgeni anapokawia kuaga. Lakini ndani yake mna sheria ya kale. Siku mbili za kwanza ni haki ya mgeni: apewe maji, chakula na mahali pa kulala. Siku ya tatu mambo hubadilika. Mgeni huingizwa katika kazi za nyumba, na ashikaye jembe la nyumba amekwisha kuanza kuwa mtu wa nyumba hiyo. Yafaa basi tuitazame sheria hii jinsi ilivyotumika zamani, kwetu na katika nchi ya mbali ya Uchina, kisha tufike Frere Town, huko Kisauni, bara ya Mombasa, ambako ilijaribiwa kwa ukali.

Mwaka 1331 alifika Mogadishu msafiri mashuhuri, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja katika nchi ya Moroko. Atueleza kwamba chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua chakula kilichofunikwa. Kijana alimpa chakula kile mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakushukia kwingine ila nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa kama alikwisha kuja mara nyingi na kuwajua watu wa mji. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Kutoka huko Ibn Battuta alisafiri kusini, akalala usiku mmoja Mombasa, ambako aliwasifu watu kwa uchaji wao, kisha akaenda Kilwa.

Miaka kama 15 baadaye msafiri yule yule aeleza desturi ya Uchina, nayo yafanana mno na ile ya Mogadishu. Mfanyabiashara Mwislamu alipoingia katika mji wa Uchina, alipewa hiari ya kukaa katika nyumba ya wageni au nyumbani kwa mfanyabiashara Mwislamu aliyefanya makazi huko. Akichagua nyumba ya mtu, mali yake ilihesabiwa na kukabidhiwa mwenyeji, naye akatumia humo kwa uaminifu kwa mahitaji ya mgeni. Siku ya kuondoka mali ilihesabiwa tena, na kilichopungua mwenyeji alilazimika kukilipa. Wako wataalamu wanaotia shaka kama Ibn Battuta alifika kila mji wa Uchina anaoutaja. Hata hivyo, kwamba Waislamu wa kigeni walikaa kwa wingi katika bandari ya Zaitun, ambayo leo huitwa Quanzhou, mawe ya makaburi yao yashuhudia mpaka sasa. Wala watu wa Afrika Mashariki hawakuwa mbali na safari hizo, kwani katika pwani ya Malabar, Bara Hindi, Ibn Battuta alikutana na mwanachuoni aitwaye Said, mtu wa Mogadishu, aliyekuwa amekwisha kusafiri mpaka Uchina.

Katika karne iliyofuata wageni walikuja wakubwa zaidi. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga kwa mfalme wa Uchina, na katika safari ya miaka 1417 hadi 1419 merikebu za amiri Zheng He ziliwarudisha wajumbe wa nchi mbalimbali makwao, zikafika mpaka pwani yetu. Wageni wa namna hii hupokewa kwa ngoma na zawadi, kisha huondoka.

Angalieni lakini, enyi vijana, jambo moja. Mfanyabiashara wa Mogadishu na yule wa Zaitun wote walikuja na mali, na wajumbe wa Malindi walikuja na twiga. Kumkaribisha mtu wa namna hiyo ni wema, na pia ni faida. Lakini je, mgeni asiye na kitu alipokewaje?

Katika kisiwa cha Pate watu husimulia kwamba mabaharia Wachina walivunjikiwa na merikebu karibu na Shanga. Walitoka majini mikono mitupu. Yasemwa kwamba walimwua joka lililowatesa wenyeji, ndipo wakaruhusiwa kukaa, wakasilimu na kuoa. Wako watu wa Siyu wanaojihesabu kuwa wazao wao, na mwaka 2005 msichana wa huko alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uchina kwa sababu ya masimulizi hayo. Mwanafunzi wa historia apaswa kupima. Wengine husema jina la Shanga latokana na Shanghai, lakini uchimbaji umeonyesha kwamba Shanga ulikuwa mji tangu karne ya 8, zamani sana kabla ya merikebu za Zheng He. Sarafu ya Kichina ya zama za mfalme yule aliyepelekewa twiga imepatikana Mambrui, na nyingine kisiwani Manda, ila sarafu hupita mikono mingi, wala haithibitishi ndoa. Hata hivyo masimulizi yenyewe yatufunza jinsi watu wa Pate walivyouelewa ugeni: asiye na mali huonyesha kazi ya mikono yake, ndipo hupewa mahali.

Sasa tufike Frere Town. Baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyobeba watumwa. Watu hao waliookolewa wangepelekwa wapi? Kwao wengi kulikuwa mbali, na njia ilikuwa ile ile ya wateka watu. Mwaka 1875 misheni ya CMS ilianzisha kijiji chao Kisauni, ukingoni mwa maji ng'ambo ya kisiwa, nacho kikaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa mjumbe wa Uingereza katika mazungumzo ya mkataba ule. Kengele ilitundikwa kuwaonya watu hatari ikija, na mpaka leo mahali pale huitwa Kengeleni.

Walioshuka pale hawakuwa na bidhaa wala twiga. Pamoja nao walikuwapo Waafrika walioitwa wa Bombay, waliookolewa utotoni, wakapelekwa Bara Hindi na kulelewa karibu na Nasik, ambako walifundishwa kusoma na kazi za ufundi. Hao walirudi Afrika, lakini kwa mavazi na lugha wenyeji waliwaona kuwa wageni. Huko Hindi walikuwa Waafrika, na huku wakawa watu wa Bombay.

Walipewa jembe, hapana shaka. Walilima, walijenga, walifundisha. Lakini ardhi ilikuwa ya misheni, si yao. Na katika nyumba hiyo ya wokovu kiboko hakikukosekana. Mwaka 1881 msimamizi wa kijiji alilaumiwa kwa kuwachapa watu, na jambo hilo likachunguzwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja na watoro. Watumwa wa mashamba ya pwani walisikia kwamba kuna vijiji vya watu huru, wakakimbilia huko. Utumwa ulikuwa bado halali katika nchi ya Sultani, na wenye watumwa walitishia kuushambulia mji. Wakuu wa misheni hawakuruhusu watoro wapokewe. Huko Rabai, hata hivyo, aliongoza William Jones, mmoja wa wale waliolelewa Hindi, naye alikuwa mtumwa utotoni mwake. Chini yake watoro walipokewa kwa mamia. Mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza alikuta watoro zaidi ya 1,400 katika vijiji vya misheni. Ili kuzuia vita aliwalipa mabwana wao, na tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro walipewa hati za uhuru. Sheria ya kuufuta utumwa katika pwani hii ilikuja miaka 18 baadaye, mwaka 1907.

Tazameni basi ni nani aliyefungua mlango. Watu wenye madaraka waliogopa, na wana sababu zao, maana hatari ilikuwa ya kweli. Aliyefungua ni mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa mgeni kila alikokwenda. Alijua ubaya wa kusimama nje.

Wajukuu wa watu wale wangali wakiishi Frere Town, na swali la ardhi waliyolima babu zao halijaisha kuzungumzwa. Methali yetu yasema mgeni apewe jembe. Haikusema habari ya shamba, kwa kuwa wahenga waliona kwamba apewaye jembe amepewa na mahali pa kulitia. Mkipita Kengeleni katika barabara iendayo Malindi, kumbukeni kwamba watu wale walilishika jembe vizuri, na kwamba sehemu ya pili ya ahadi ndiyo iliyobaki kuwa deni.