Upimaji wa Damu Tishuni kwa MRI

Upimaji wa damu tishuni kwa MRI ni utaratibu wa kitabibu wa kukadiria kiasi cha damu ifikayo katika tishu, yaani nyama za mwili, hususan ubongo, kwa sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, pasipo eksirei. Kipimo chake ni mililita za damu kwa gramu 100 za tishu kila dakika: katika ubongo wa mtu mzima mwenye afya, sehemu ya kijivu hupata takriban 60, na nyeupe takriban 20. Huku si kupima kasi ya damu ndani ya ateri. Kwani kama mto wa mchanga wa Kanyangi, huko Kitui, uonekanavyo mkavu ilhali maji yamo chini yakinywesha mizizi, ndivyo ateri iwezavyo kuziba na tishu ikaendelea kulishwa na vijishipa vya kando.

Njia zitumikazo zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kudunga dawa ya gadoliniamu katika mshipa wa mkono, na kupiga picha kila sekunde moja au mbili, ili ionekane jinsi mwanga wa tishu ufifiavyo dawa ipitapo na kurejea ikiisha kupita. Nayo huhitaji hadhari kwa mwenye maradhi makubwa ya figo. Ya pili, waliyoitangaza John Detre na wenzake mwaka 1992, haina sindano: protoni za maji ya damu hutiwa alama kwa kupinduliwa na mawimbi ya redio zikiwa shingoni, husubiriwa sekunde 1.8 hivi hata zifike ubongoni, ndipo picha hupigwa na kutolewa katika nyingine isiyo na alama hiyo. Tofauti ibakiayo ni kama asilimia moja tu, na alama yenyewe hufutika upesi. Kwa hiyo jozi nyingi za picha hupigwa na wastani wake kuchukuliwa, na mgonjwa hana budi kutulia kabisa. Aghalabu njia hii ndiyo ifaayo kwa watoto, na kwa wanaopimwa mara kwa mara.

Faida kuu ya upimaji wa damu tishuni ni katika kiharusi. Damu ikipungua chini ya 20 hivi, chembe za ubongo huacha kazi bila kufa papo hapo. Ikizidi kupungua, hufa. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018 yalithibitisha kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo vya namna hii, vya MRI au vya CT (eksirei ya kompyuta), waweza kunufaika kwa kuondolewa bonge la damu hata saa 16 baada ya kuugua. Na kwa mgonjwa apelekwaye Nairobi kutoka Kanyangi, saa za njiani ni sehemu ya hesabu hiyo.