Mwanamke Aliyemchunguza Ngege

Ukipata siku moja kufika Kisumu, msomaji, shuka mpaka ufuoni Dunga saa za asubuhi, mashua zinaporudi. Utaona wanaume wakiteremsha nyavu zilizolowa, na wanawake wenye mabeseni wakipatana bei. Uliza jina la samaki yule mpana, aliye bapa kama sahani, naye muuzaji atakujibu bila kusita kwamba ni ngege. Jibu hilo ni la kweli, na tena si la kweli. Ni la kweli kwa kuwa ndivyo watu wamwitavyo leo. Si la kweli kwa kuwa samaki huyo aghalabu ni mgeni, ambaye kizazi chake kiliingizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950. Ngege mwenyewe, yule waliyemla mababu wa wenyeji wa pwani hii, ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu.

Huenda ukauliza: jambo hili limejulikanaje, ikiwa hata muuzaji hawatofautishi? Limejulikana kwa sababu walikuwapo watu waliotoa miaka ya maisha yao kuwapima samaki hawa, kuwapasua, kuwalinganisha na kuandika waliyoyaona. Mmoja wao alikuwa mwanamke, jina lake Rosemary Lowe. Habari zake zastahili kujulikana nasi tuishio kando ya ziwa hili, kwa ajili ya kazi aliyoifanya, na kwa ajili ya jinsi kazi ile ilivyokatizwa.

Kwanza hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Zamani wavuvi wa ziwa hili walivua kwa migono, kwa ndoana na kwa vizuizi vya mafunjo, na walichopata kilitosha nyumba zao na masoko ya karibu. Mwezi wa Desemba mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ufuoni, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Mwaka 1905 zikaja nyavu za kutega, zilizofumwa kwa uzi wa kitani. Mambo hayo mawili yalipokutana, uvuvi ulibadilika. Wavu ulivua wengi kwa usiku mmoja, na gari la moshi likawachukua mpaka Nairobi. Samaki aliyekuwa kitoweo akawa bidhaa, na ngege, kwa utamu wake, ndiye aliyetafutwa kuliko wote.

Haikupita miaka mingi kabla ya wavuvi wa ghuba hii, iliyoitwa Kavirondo na sasa yaitwa Winam, kuanza kulalamika kwamba kila wavu unaleta samaki wachache kuliko jana. Serikali ya kikoloni ikamwita mtaalamu kutoka Uingereza, Bwana Michael Graham, naye akalichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928. Ndiye aliyempa ngege jina lake la kitaalamu, *esculenta*, neno la Kilatini lenye maana ya “afaaye kuliwa”. Bwana Graham alishauri kwamba tundu la wavu lisipungue inchi 5, ili samaki wadogo wapenye na kupata nafasi ya kuzaa kabla ya kuvuliwa. Ushauri huo ukafanywa sheria.

Lakini sheria peke yake haitoshi, msomaji. Ili kumlinda samaki yakupasa kujua anazaa lini, anazaa wapi, anakua kwa mwendo gani, na watoto wake wanajificha wapi. Mengi ya hayo yalikuwa bado hayajaandikwa. Kwa hiyo mwaka 1947 nchi za Afrika ya Mashariki ziliwekewa chuo cha utafiti wa samaki huko Jinja, Uganda, mahali Mto Nili unapotoka ziwani. Mwaka uliofuata, 1948, Bibi Lowe akajiunga na watafiti wa chuo hicho.

Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1921, na katika mji huohuo akasoma elimu ya viumbe katika chuo kikuu. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi penye Ziwa Windermere, akichunguza mikunga na safari zao za kuteremka baharini. Vita vilipokwisha mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 24, alisafiri mpaka Nyasaland, nchi iitwayo Malawi leo, kuchunguza samaki wa jamii ya ngege katika Ziwa Nyasa. Fikiri jambo hilo kidogo: msichana wa umri wa mwalimu aliyetoka chuoni jana, katika nchi asiyoijua, kando ya ziwa lenye mawimbi kama bahari, na kazi yake ni kushinda na wavuvi na kuuliza habari za samaki.

Aliporudi London alipeleka samaki wake katika Jumba la Makumbusho ya Uingereza, na huko alifanya kazi pamoja na mwanamke mwingine ambaye jina lake halina budi kutajwa hapa. Huyo ni Bibi Ethelwynn Trewavas, aliyezaliwa mwaka 1900 na kuingia katika kazi ya jumba lile mwaka 1928. Bibi Trewavas alikuwa mjuzi mkubwa wa kutenga aina za samaki wa Afrika. Mmoja aliketi penye chupa za samaki waliohifadhiwa, akihesabu magamba na meno. Mwingine alikwenda maziwani kuwaona samaki hao wakiishi. Kila mmoja alimtimizia mwenzake upungufu wake, na urafiki wao ulidumu maisha yote. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, Bibi Trewavas alitoa kitabu kikubwa juu ya samaki hawa, ambacho wataalamu wanakitegemea hata leo.

Sasa natuone kazi ya Jinja. Katika ziwa letu zilikuwapo aina mbili za asili za samaki wa jamii hii: ngege, na ndugu yake aitwaye mbiru. Majina hayo ni ya Kijaluo, na watafiti waliyatumia katika maandishi yao. Haki yataka tuliseme hili wazi. Mvuvi wa Dunga au wa Kendu Bay hakungoja mgeni amwambie kwamba ngege na mbiru ni samaki wawili. Alilijua hilo tangu utoto. Alilolifanya mtaalamu ni kuongeza juu ya ujuzi huo kipimo, hesabu na kumbukumbu ya maandishi, ili mtu wa miaka 50 baadaye aweze kulinganisha.

Na mambo yaliyoandikwa ni ya ajabu. Ngege dume husafisha shimo dogo katika sakafu ya ziwa, akalilinda kama mwenye nyumba. Jike huja akataga mayai yake humo, kisha huyaokota kwa kinywa chake, na tangu hapo kinywa ndicho kiota. Hula kidogo sana siku hizo, mpaka mayai yaanguliwe. Hata baada ya kuanguliwa watoto hawamwachi mama mara moja: wanapoogopa, humrudia wakaingia kinywani mwake, naye akafunga mlango. Tena, ngege na mbiru hawalei watoto wao mahali pamoja. Watoto wa ngege hupenda maji machache yaliyotulia, kando ya matete na mafunjo. Wa mbiru huonekana penye fuo zinazopigwa na mawimbi.

Pengine utasema kwamba haya ni hadithi nzuri tu ya kupendeza watoto. La, sivyo. Samaki anayelea kinywani hataga mayai mengi, maana kinywa kina kiasi chake. Mayai yake ni ya kuhesabika kwa mamia, wakati samaki wengine hutaga mamilioni na kuyaacha majini. Basi ukimvua mama mmoja wa ngege wakati wa kulea, umevua na watoto wake wote. Na ukikokota juya katika maji machache ya ufuoni, waharibu mashimo ya madume na kuwazoa vifaranga kwa pamoja. Hapo ndipo elimu inapokuwa ulinzi.

Bibi Lowe hakukaa penye ziwa moja tu. Aliwafuata samaki wa jamii hii katika mito na maziwa mengine ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1955 alitangaza aina mpya kutoka Mto Pangani na Ziwa Jipe, ziwa dogo lililoko mpakani mwa Kenya na Tanzania. Mmoja wa samaki hao aliitwa *jipe*, kwa jina la ziwa lake, na jina la Lowe limeandikwa kando yake mpaka leo katika vitabu vya elimu ya samaki.

Lakini tangazo hilo lilipochapishwa, mwenyewe hakuwa tena katika kazi yake ya Jinja. Mwishoni mwa mwaka 1953 aliolewa na Bwana Richard McConnell, mtaalamu wa miamba. Kanuni za utumishi wa makoloni wakati huo hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kuendelea na kazi. Mwanamume aliyeoa hakupoteza kitu. Mwanamke aliyeolewa alipoteza kazi yake. Hakukosa lolote, wala hapakuwa na mtu aliyesema kwamba kazi yake ni mbaya. Alikuwa na ujuzi wa miaka minane juu ya samaki wa maziwa ya Afrika, na kanuni moja ya karatasi ikauondoa ujuzi huo ziwani.

Tunaweza kupima hasara ile kwa yaliyofuata. Katika miaka ileile ya 1950 samaki wageni wa jamii ya ngege waliingizwa ziwani, wakaanza kugombea chakula na mahali pa kuzalia pamoja na wenyeji. Kanuni ya inchi 5 iliachwa katika nchi moja baada ya nyingine, na Kenya ikaiacha mwaka 1961. Akaletwa pia mbuta, samaki mkubwa mla samaki. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja, Bwana Geoffrey Fryer, aliandika kuonya juu ya hatari hiyo, lakini mbuta alikwisha ingia. Katika miaka ya 1980 alilijaza ziwa. Viwanda vilijengwa, fedha zikaja, na watu wengi wakapata kazi. Si haki kulificha hilo. Lakini samaki wadogo waitwao fulu, waliokuwa wa aina mamia, walitoweka kwa wingi, na ngege aliyekwisha dhoofishwa na nyavu na wageni akatoweka pamoja nao. Sisemi kwamba mwanamke mmoja angaliyazuia yote hayo. Nasema tu kwamba nyumba inapokaribia kuungua, si wakati wa kumfukuza anayejua kisima kilipo.

Je, Bibi Lowe alikata tamaa? Hata kidogo. Alikwenda na mumewe British Guiana, nchi iitwayo Guyana siku hizi, katika Amerika ya Kusini, akachunguza samaki wa mito na wa bahari ya huko mpaka mwaka 1962. Kwa kuwa alikuwa ameyaona maji ya mabara mawili, aliweza kuandika, mwaka 1975 na tena mwaka 1987, vitabu juu ya jinsi jamii za samaki zinavyoishi pamoja katika nchi za joto. Mwaka 1997 Linnean Society ya London ilimpa nishani yake kubwa. Mwaka 2006 alichapisha kumbukumbu za safari zake za Afrika, na akafariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 93.

Na ngege? Hakufa wote. Nenda Siaya, kwenye kinamasi cha Yala, utakuta ziwa dogo liitwalo Kanyaboli, limezungukwa na mafunjo. Mbuta hakuimiliki sehemu hiyo, na humo ngege wa asili angali akilea watoto kinywani kama zamani. Lakini yule awezaye kukuhakikishia kwamba huyo ndiye, wala si mgeni aliyechukua jina lake, ni mtu aliyesoma maandishi ya watu kama Graham, Lowe na Trewavas. Pasipo daftari zao, tungekuwa tumempoteza ngege bila hata kujua kwamba tumempoteza.

Leo kanuni ile imekwisha. Tangu mwaka 1979 Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye kituo Kisumu, na wanawake wamo miongoni mwa watafiti wake; wanaolewa, wanazaa, na kazi zao zinaendelea. Lakini kanuni inaweza kufutwa katika karatasi ikabaki katika vinywa vya watu. Mimi nafundisha vijana watakaokuwa walimu, na zaidi ya mara moja nimesikia msichana hodari wa elimu ya viumbe akiulizwa na jamaa zake, “Utaolewa na nani ukiwa unanuka samaki?” Wewe msomaji, kama ni msichana, usilijibu swali hilo kwa hasira, lijibu kwa kazi. Na kama ni mvulana, angalia sana usiwe wewe mwenye kuliuliza.

Chukua rula na daftari. Siku ya Jumamosi, nenda ufuoni au sokoni, uombe ruhusa ya mama muuzaji, upime samaki kumi, uandike urefu wao, tarehe, na mahali walipovuliwa. Fanya hivyo tena mwezi ujao. Utakuwa umeanza kazi ileile iliyofanywa Jinja mwaka 1948, nawe hutahitaji kuacha kwa sababu ya mtu yeyote.